Kabla Hujaing'oa Alamu ya Zamani Ukutani

Alamu ya nyumbani kwa shangazi, Raskazone, Tanga, ilianza tabia ya kulia yenyewe usiku kila umeme ulipokatika. Majirani walivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu mama wa nyumba ya pili akapiga hodi, akasalimia vizuri tu, kisha akasema, "Dada, wezi siku hizi hatuwaogopi tena. Tunaogopa hiyo alamu yako." Shangazi akanipigia simu nimtafutie fundi aing'oe afunge mpya. Fundi wa kwanza alilitazama boksi akiwa mlangoni, kifuniko hajakigusa, akasema hilo ni la kutupa, na bei akaitaja hapohapo. Kumbe kilichokufa ni betri.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kuzungumzia mpya au ya zamani, jua kwanza kilichokufa ni nini. King'ora cha nje cha alamu nyingi kina betri yake ndogo ndani, na muda wote kinapokea umeme kutoka boksi kuu la ndani, lile linaloongoza alamu nzima. Kikiukosa, kinachukulia kwamba mwizi amekata waya, basi kinapiga kelele kwa betri yake. Kwa shangazi, TANESCO wakikata, boksi kuu lilitakiwa lishike kwa betri yake kubwa. Betri hiyo ilikuwa imejifia siku nyingi, king'ora kikakosa umeme, kikalia. Yaani kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa.

Betri kubwa ya ndani ya boksi mara nyingi ni ile nyeusi ya volti 12, ampea-saa 7, ya kilo mbili na ushei. Umri wake ni miaka 3 hadi 5, na hesabu hiyo ni ya joto la nyuzi 20 hadi 25. Zikiongezeka nyuzi 10, umri unapungua karibu nusu. Sasa boksi la shangazi liko stoo, chini ya bati, Tanga, mwezi wa pili. Fikiria mwenyewe. Ukipima kwa mita ukaona 12.7 usishangilie, kwa sababu betri chakavu huonyesha namba nzuri ikiwa haina mzigo. Zima swichi kuu mchana, washa alamu, fungua mlango king'ora kilie, fundi akiwa ameshika mita. Ikiporomoka chini ya 11 ndani ya dakika chache, hiyo ni ya kubadilisha, na ile ndogo ya king'ora ibadilishwe nayo siku hiyohiyo. Dukani ulizia imetengenezwa lini, maana iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa si mpya hata kama ina nailoni yake. Ukiifunga, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Cha pili ni waya, na hapa ndipo watu wanapotupa mali. Waya zilizopita ndani ya ukuta na juu ya dari ndizo sehemu ghali ya alamu ya zamani, kwa sababu kuzirudisha ni kuchimba kuta upya. Kwenye zile nyumba za mawe na chokaa, kuchimba ni kuomba plasta yote idondoke. Chumvi ya bahari inakula ncha za waya kabla ya kitu kingine. Tulipofungua sumaku ya mlango unaotazama baharini, ile inayohisi mlango ukifunguliwa, skrubu zilikuwa na kutu ya kijani kama mwani. Fundi wa pili, kijana mmoja mtulivu, alikata ncha kiasi cha kidole, shaba ikatoka nyekundu inang'aa. Waya ni mzima. Ingekuwa nyeusi hata baada ya kukata mara mbili tatu, laini hiyo ingehesabiwa imekufa. Boksi jipya la kampuni nyingine linaweza kutumia waya hizohizo, ila vile virezista vya mwisho wa laini, vipande vidogo vinavyoliwezesha boksi kujua kama waya umeguswa, huenda vikahitaji kubadilishwa, na bei yake ni ndogo mno kukuumiza kichwa. Sensa za ukutani, zile zinazohisi mtu akipita, zifute vioo kwanza. Mjusi au buibui akipita juu ya kioo, alamu inaweza kulia bure ukadhani sensa imeharibika.

Boksi lenyewe ndilo hasa la kuamulia. Liache likiwa linashika, linachaji betri, na namba ya siri ya fundi unayo. Namba hiyo si ile ya mwenye nyumba ya kuwashia na kuzimia. Ni ya kuingilia mipangilio, na ikiondoka na fundi aliyehama mji, kuna maboksi ambayo hayakubali tena kubadilishiwa chochote. Likiwa limepigwa na radi, au linapiga simu kwa waya wa simu ya mezani uliokatwa zamani, badilisha. Linalotumia laini ya simu ya mkononi, uliza ni ya 2G au 4G. Marekani, kampuni ya simu ya AT&T walizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G mwaka 2022, na vifaa vilivyotegemea mitandao hiyo vikabaki bubu. Laini yenyewe iwe imesajiliwa kwa alama za vidole vyako, si vya fundi, na iwekewe salio, kwa sababu isiyotumika muda mrefu hufungwa.

Alamu zisizo na waya zinavutia, hasa kwa mpangaji. Lakini kila sensa ina betri yake, kwa hiyo nyumba ya madirisha kumi ina betri kumi za kukumbuka. Za bei ya chini nyingi zina rimoti inayotuma namba ileile kila ukibonyeza, na namba isiyobadilika hunakiliwa kirahisi. Binafsi nisingemfungia shangazi.

Halafu kuna swali ambalo mafundi wawili wote hawakuuliza: ikilia, nani atakuja? Raskazone nyumba zimeachana, na upepo wa kusi ukivuma sauti inachukuliwa. Tuliwaarifu majirani, tukakiliza king'ora saa kumi jioni, mimi nikaenda kusimama kwa mlinzi wa nyumba ya tatu. Hakusikia. Nikamwonyesha kwa kidole ndipo akatega sikio. "Ahaa, ile," akasema. "Mie najua ni yule mama tu, umeme umekatika."

Shangazi amenunua betri mbili na sumaku moja. King'ora kimehamishiwa upande wa barabarani, na namba ya mlinzi imeingizwa kwenye simu ya shangazi.