Jinsi ya kuchora nasaba ya wafalme wa Bulgaria na makaisari wa Bizanti

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mpenzi wa historia anayetaka kuona damu ya wafalme wa Bulgaria ilivyoingia katika jumba la Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki. Nimeuandika baada ya kumsaidia mdogo wangu, anayesoma historia ya Ulaya ya zama za kati. Wafalme na vita vyao alikuwa navyo kichwani. Kilichomshinda ni wanawake, na hapo ndipo kazi yote ilipo, maana karibu kila uzi unaounganisha pande hizi mbili unapita kwa mama, kwa binti au kwa mke.

Hatua ya 1: Vifaa

Karatasi ya manila, penseli, kifutio na kadi ndogo. Usianze na programu ya kompyuta. Programu nyingi za nasaba hutaka jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, na watu hawa wengi mwaka wao wa kuzaliwa haujulikani, huku jina la ukoo likibadilika kutoka baba hadi mwana. Kadi utaisogeza mezani mpaka ipate mahali pake.

Hatua ya 2: Anza na Ivan Vladislav

Watu hupenda kuanza na Petro wa Kwanza, mwana wa Simeon, aliyemwoa Maria Lekapene, mjukuu wa Kaisari Romanos wa Kwanza, mwezi Oktoba 927. Ni ndoa kubwa kweli. Ilifunga vita virefu na kumpa Petro cheo cha kaisari wa Wabulgaria, na Constantine wa Saba aliichukia kiasi cha kumwonya mwanawe kwa maandishi asije akaiga mfano huo. Lakini kwa mchoro wako haifiki mbali. Mwana wao Boris wa Pili alivuliwa taji Konstantinopoli mwaka 971, na ndugu yake Roman alihasiwa. Iweke pembeni.

Anza na Ivan Vladislav, mfalme wa Bulgaria aliyeuawa mbele ya ngome ya Dyrrhachium mwaka 1018. Mjane wake Maria alijisalimisha kwa Kaisari Basil wa Pili pamoja na watoto, akapelekwa Konstantinopoli na kupewa cheo cha zoste patrikia, cheo cha juu cha mwanamke wa jumba la kaisari. Binti yake Catherine aliolewa na Isaac Komnenos, kaisari wa 1057 hadi 1059. Mwanawe Trayan alimzaa Maria, Maria akaolewa na Andronikos Doukas, wakamzaa Irene Doukaina, mke wa Kaisari Alexios wa Kwanza Komnenos. Kwa hiyo Irene ni kitukuu cha Ivan Vladislav, na Kaisari John wa Pili Komnenos ni kilembwe chake. Ukoo ulioshindwa vitani mwaka 1018 ulikuwa umefika kwenye kiti cha enzi kabla ya miaka 100 kupita.

Hatua ya 3: Tenganisha akina Irene na akina Maria

Hapa ndipo saa zinapoliwa, kwa hiyo nenda taratibu.

Nasaba hii ina Irene watano au sita wenye uzito, na akina Maria ni wengi zaidi. Ukiandika kwenye kadi "Irene, malkia wa Bulgaria", umekwisha potea. Njia ninayoiamini ni ile ile tunayotumia kutambuana sisi wenyewe: fulani binti fulani, mke wa fulani. Kila kadi ya mwanamke iwe na mistari mitatu, wa baba, wa mume na wa watoto. Mstari wa baba ukikosekana, usiigundishe kadi hiyo kwenye manila.

Kadi zikijazwa zitasomeka hivi. Irene binti Andronikos Doukas, mke wa Alexios wa Kwanza. Irene binti Theodore Komnenos Doukas, mke wa tatu wa Ivan Asen wa Pili, mfalme wa Bulgaria. Irene binti Theodore wa Pili Laskaris, mke wa Constantine Tikh. Irene binti Michael wa Nane Palaiologos, mke wa Ivan Asen wa Tatu. Irene binti Andronikos Asen, mke wa John wa Sita Kantakouzenos. Hao ni watano tayari, na Maria Lekapene naye aliitwa Irene alipoolewa na Petro.

Halafu kuna majina ya ukoo. Wabizanti walibeba ukoo wa bibi au wa mama kama ulikuwa na heshima zaidi. Theodore Komnenos Doukas, kwa upande wa baba, ni wa ukoo wa Angelos. Wabulgaria nao hivyo hivyo: Constantine Tikh, aliyetawala 1257 hadi 1277, alijiita Asen ingawa hakuwa mwana wa ukoo huo. Alimwoa Irene Laskarina, mjukuu wa Ivan Asen wa Pili, na ndoa hiyo ikampa haki ya kulidai jina. Kwa hiyo jina Asen kwenye kadi si ushahidi wa damu. Tafuta mzazi.

Usitegemee pia namba za wafalme. Petro, ndugu yake Ivan Asen wa Kwanza, vitabu vingine humwita wa Pili na vingine wa Nne. Andika miaka ya utawala badala ya namba. Tahajia nayo: Helena na Elena ni mtu mmoja, Catherine na Ekaterina ni mtu mmoja. Chagua moja na ushike hiyo hiyo mpaka mwisho.

Hatua ya 4: Geuza miaka

Maandishi ya wakati ule huhesabu miaka tangu kuumbwa kwa dunia, na mwaka huanza tarehe 1 Septemba. Tukio la Januari hadi Agosti, toa 5508. La Septemba hadi Desemba, toa 5509. Harusi ya Petro ilikuwa Oktoba 6436: ukitoa 5508 unapata 928, kumbe ni 927.

Kuna na kipimo cha pili, indiktio, yaani mzunguko wa miaka 15. Gawa mwaka kwa 15, na kinachobaki ndicho indiktio; kisipobaki kitu, ni ya 15. Jaribu kwa nguzo ya Ivan Asen wa Pili katika Kanisa la Mashahidi Arobaini mjini Tarnovo. Imechongwa mwaka 6738, indiktio ya 3, na inataja kukamatwa kwa Theodore Komnenos Doukas katika vita vya Klokotnitsa. Gawa 6738 kwa 15, inabaki 3. Vita vilikuwa Machi, kwa hiyo toa 5508 upate 1230.

Hatua ya 5: Panga watoto wa Ivan Asen wa Pili

Binti yake Helena aliolewa mwaka 1235 na Theodore wa Pili Laskaris wa Nisea, dola ya Wabizanti walipokuwa wameupoteza mji wa Konstantinopoli. Mwana wao John wa Nne alipofushwa na Michael wa Nane siku ya Krismasi 1261, na njia hiyo ya kwenda kwenye kiti ikafungwa.

Njia iliyofika ni ya Maria, binti mwingine wa Ivan Asen wa Pili, aliyezaliwa na Irene binti Theodore, yule yule aliyetekwa Klokotnitsa. Maria aliolewa na Mitso, akamzaa Ivan Asen wa Tatu. Huyu alikimbia Tarnovo mwaka 1280 na kizazi chake kikakaa Bizanti. Mwanawe Andronikos alimzaa Irene, mke wa John wa Sita. Binti wa hao, Helena Kantakouzene, aliolewa na John wa Tano Palaiologos mwaka 1347, wakamzaa Manuel wa Pili, baba wa Constantine wa Kumi na Moja, aliyekufa Konstantinopoli ilipoanguka mwaka 1453.

Hatua ya 6: Unganisha

Sasa rudi kwa Irene Doukaina. Binti yake Theodora aliolewa na Constantine Angelos na kumzaa John Doukas, na John ndiye baba wa Theodore wa Klokotnitsa. Chora mstari huo kwa wino. Utaona Ivan Vladislav anashuka moja kwa moja hadi Constantine wa Kumi na Moja, kadi 15 kwa jumla, bila kuruka kizazi.

Manila ikiwa na nafasi, ongeza Theodora binti Michael wa Tisa, aliyeolewa na Theodore Svetoslav na baadaye na Michael Shishman, kisha Keratsa binti Ivan Alexander, mke wa Andronikos wa Nne na mama wa John wa Saba.