SOMO: Nenda dukani na leso nyekundu (kuchagua taa ya LED ya juu ya kamera kwa bei ya chini)

Taa ndogo za kubandika juu ya kamera zimejaa madukani Mombasa, na kwa macho zote ni mamoja: kibamba cheusi, punje za LED safu kwa safu, kitufe cha kuzungusha nyuma. Tofauti huijui mpaka video ifike kwenye kompyuta na hina ya bibi harusi imegeuka rangi ya matope. Somo hili ni la mpiga video wa harusi, mahojiano au vipindi vya mtandaoni ambaye mfuko wake si mzito. Kwa bei ya chini, nunua rangi kwanza, nguvu baadaye. Taa dhaifu utaisogeza karibu. Taa ya rangi mbovu hata uisogeze wapi, ubovu ni ule ule.

Hatua ya 1: Pima umbali wako wa kazi

Kabla ya kuuliza bei, jiulize utakuwa mbali kiasi gani na mtu unayempiga. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Taa inayotoa lux 900 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika kwenye kitu) kwa mita 1 itatoa 225 kwa mita 2, na 100 tu kwa mita 3. Sasa angalia upande wa kamera: kwa ISO 800 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), lenzi f/2.8 (upana wa tundu lake; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na shata 1/50 (muda wa kupokea mwanga, sehemu ya sekunde), uso unahitaji lux 120 hivi. Kwa hiyo taa hiyo inakufikisha mita 2 na nusu. Ukiifunika kitambaa cheupe kinachokula nusu ya mwanga, mwisho wako ni karibu mita 2. Na kama lenzi yako ni ile iliyokuja na kamera, inayofunguka hadi f/4 tu, hesabu lux 250.

Kwenye boksi tafuta lux kwa mita 1. Wengine huandika lux kwa nusu mita ili namba ivimbe. Igawe kwa 4. Kama hakuna lux kabisa, ila maneno ya "mwanga mkali sana", rudisha boksi kwenye rafu.

Tena usidanganywe na namba iliyo kwenye jina. Ile 160 ya CN-160, 300 ya YN-300 na 64 ya Godox LED64 ni idadi ya punje, haikwambii nguvu wala rangi. Punje 100 nzuri huzishinda 300 za ovyo.

Hatua ya 2: Jaribu rangi, na hapa usiwe na haraka

Punje ya LED nyeupe kwa kawaida ni punje ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. Buluu na manjano vikichanganyika, jicho linaona weupe. Lakini unga wa bei rahisi hautoi wekundu uliokoza, na wekundu ndio uliojaa kwenye ngozi zetu, kwenye hina, kwenye dhahabu na kwenye leso. Mwanga usiokuwa na wekundu ukipiga mkono wenye hina, hina inaonekana nyeusi iliyokufa, na ngozi ya maji ya kunde inaingia ukijani kama mtu aliyetoka kuumwa.

Boksi litakwambia CRI 95, yaani alama ya usahihi wa rangi, kwa 100. Ni alama nzuri, lakini jua inavyopatikana: ni wastani wa rangi 8 zilizopauka, na wekundu uliokoza haumo. Wekundu huo una alama yake, R9. Muuzaji anayetaja R9 ya 80 au zaidi anajua anachouza. Wengi hawaitaji, ndiyo maana unabeba leso.

Chukua leso yenye wekundu uliokoza na nyeupe (ukipita Biashara Street hukosi), karatasi nyeupe ya kawaida, na kamera yako au simu yenye programu inayokuruhusu kufunga mipangilio. Simama mlangoni mwa duka, kivulini, si juani. Weka WB (mizani ya weupe ya kamera) kwenye 5600, weupe wa mwanga wa mchana, na uifunge, usiiache ijirekebishe yenyewe. Piga leso, karatasi na kiganja chako katika fremu moja. Kisha ingia ndani, tafuta pembe yenye giza au omba taa za duka zizimwe dakika moja, washa taa unayotaka kununua kwa nguvu zote ukiwa nusu mita, na upige fremu ile ile kwa WB ile ile. Kama taa ni ya rangi mbili (inayobadilika kati ya weupe wa manjano, 3200, na weupe wa mchana, 5600), iweke 5600 nayo.

Linganisha. Karatasi ikiwa na ubuluu au umanjano kidogo, hilo si tatizo, linarekebishika. Ikiwa na ukijani, filta nyembamba ya waridi mbele ya taa itapunguza. Lakini wekundu wa leso ukigeuka kahawia au chungwa, ondoka. Hakuna programu ya kuhariri itakayorudisha rangi ambayo haikuingia kwenye lenzi.

Hatua ya 3: Angalia kama inapepesa

Taa nyingi za bei rahisi hazipunguzi mwanga kwa kupunguza umeme. Huwaka na kuzimika mara nyingi mno kwa sekunde, na jicho linadhani mwanga umepungua. Kamera haidanganyiki hivyo, inatoa mistari myeusi inayopanda au kushuka.

Weka simu kwenye mwendo wa polepole wa fremu (picha) 240 kwa sekunde, elekeza kwenye taa, kisha zungusha kitufe: 100, 50, 10. Kwa asilimia 100 karibu zote ni safi. Aibu hutokea kwenye 10. Huna simu ya hivyo? Punguza taa, pitisha kalamu haraka mbele yake na uangalie kivuli ukutani. Kivuli kilichokatika vipande vipande ni dalili ya taa inayopepesa.

Hatua ya 4: Betri, mahali fedha zinapopotelea

Taa nyingi za aina hii huuzwa bila betri. Uliza. Bei ya betri mbili na chaja inaweza kukaribia ya taa yenyewe.

Betri iliyoenea ni ile ya muundo wa Sony NP-F, ya volti 7.2 hivi. Kwa taa ya wati 10 kwa nguvu zote, F550 ya mAh 2200 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) itaishi saa moja na nusu, F750 ya 4400 saa tatu, F970 ya 6600 saa nne na nusu hivi. Ukishusha taa nusu, muda karibu unazidi mara mbili. Kwa harusi, F750 mbili ni bora kuliko F970 moja: F970 ina uzito wa karibu gramu 300, na ukiiweka juu ya kamera ndogo shingo yako ndiyo itakayolipa.

Halafu kuna uwongo wa lebo. Ndani ya F550 mna betri 2 za duara za 18650, ndani ya F750 mna 4, ndani ya F970 mna 6. Moja haizidi mAh 3500 au zaidi kidogo, na zikiungwa mbili mbili kwa mfululizo volti ndizo zinazoongezeka, si mAh. F550 iliyoandikwa 5000 basi inaimba tu. Kila 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo F970 yenye gramu 180 haina betri sita ndani. Mizani ya jikoni yatosha. Ya sonara ni zaidi ya kutosha.

Hatua ya 5: Mguu, joto, chumvi

Kile kiguu kinachoingia juu ya kamera, ukipata cha chuma chukua. Cha plastiki huvunjika pale kwenye skrubu, mara nyingi mtu anapogonga mlango. Hakikisha chini kuna tundu la skrubu ya robo inchi, ili siku nyingine uifunge kwenye tripodi.

Iwashe dukani kwa nguvu zote dakika 15 huku ukipiga hesabu na muuzaji. Nyingine hupata moto na kujipunguza zenyewe. Bora ulione hilo dukani kuliko ukumbini.

Na hewa yetu ya bahari hula shaba. Vile vibati vya betri vikianza kuota ukijani, taa itawaka na kuzimika ukiitikisa. Visugue kwa raba ya penseli, malizia na pamba yenye spiriti, na uhifadhi taa bila betri kwenye kopo lenye pakiti za kunyonya unyevu.

Ukishainunua

Usiiache juu ya lenzi. Mwanga unaotoka sawa na lenzi hubapa uso na kumulika miwani. Nunua mkono mfupi wa kuinyanyua sentimita 30 hivi na kuipeleka upande mmoja. Mbele yake weka karatasi ya kuokea keki, imeachana na punje sentimita 3 au 4. Ukiigandisha juu ya punje hailainishi chochote, inaiba mwanga tu. Kamera fremu 25, shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Majengo: Maalim, mimi ni mwanamke, napiga harusi za kina mama, usiku wa kupamba. Nikiwasha taa bibi harusi anafumba macho na wenyewe wananikasirikia. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, usiwashe ghafla. Anza asilimia 10 akiwa bado anapangwa, panda taratibu kwa nusu dakika hadi 40, macho yatazoea bila yeye kujua. Inua taa ipite juu ya mstari wa macho yake, na hapo ndipo karatasi ya kuokea inapofanya kazi. Kama ukumbi una taa za rangi za DJ, waambie wasimmulike yeye: zambarau ikishaingia usoni, taa yako ndogo haiishindi.

Mwanachama, Likoni: Nimenunua tayari, kumbe inapepesa. Niitupe?

Jibu: La, kaka. Iache kwenye 100 siku zote. Ukitaka kupunguza, rudi nyuma hatua moja au ongeza tabaka la karatasi. Kitufe chake usikiguse tena.

Mwanachama, Kisauni: Mimi hutumia fremu 30 kwa sababu ya mtandao, shata 1/60. Taa yangu mpya ni safi kwa simu, lakini ukumbini picha inapigapiga kama moyo. Taa imeharibika?

Jibu: Taa yako haina makosa, ni ile mirija ya taa za dari. Kwa umeme wa hezi 50 hupwita mara 100 kwa sekunde, na 1/60 hailingani na mapigo hayo. Bakia fremu 30 ukipenda, ila shata iwe 1/50 au 1/100.

Mwanachama, Nyali: Zipo ndogo zenye betri ya ndani, unachaji kwa waya wa simu. Si rahisi zaidi kuliko haya mambo ya NP-F?

Jibu: Kwa mahojiano ya dakika 20, ni rahisi na nyepesi. Kwa shughuli ya usiku mzima, betri ya ndani ikiisha taa nzima imekwenda, na betri hiyo ikizeeka huwezi kuibadilisha kirahisi. Ukichukua ya aina hiyo, hakikisha inawaka huku inachaji, zingine hukataa. Hapo pawabenki itakuokoa, hata stima zikipotea.

Mwanachama, Bamburi: Nataka kupiga wageni ufuoni saa nane mchana, nyuso zinakuwa nyeusi chini ya kofia. Taa ya lux 900 itasaidia?

Jibu: Haitaonekana kabisa. Jua la mchana ni lux 100,000 hivi, taa yako ni tone baharini. Tafuta kadibodi nyeupe au kile kioo cha alumini cha kuweka kwenye dashibodi ya gari, urudishe jua usoni kutoka chini. Taa itoe jua likishazama, karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Na kwa kuwa anga wakati huo ni ya buluu, taa ya rangi mbili iweke 4500 hivi, uso utapata joto kidogo.

Mwanachama, Mji wa Kale: Na hizi za rangi zote, nyekundu na zambarau, zina faida gani kwa mtu wa bei ya chini?

Jibu: Kwa kumulika ukuta wa nyuma, zinapendeza. Kwa uso, mara nyingi ni hasara: zile wati chache zimegawanywa kati ya punje nyeupe na za rangi, kwa hiyo ukiweka nyeupe sehemu ya punje imelala bure. Taa nyingi za rangi mbili nazo zina ugonjwa huo huo, ukiweka 3200 au 5600 nusu ya punje imezimwa, na nguvu kamili unaipata katikati. Ukiwa na fedha ya taa moja tu, chukua ya 5600 peke yake yenye rangi safi, na filta ya chungwa ya kuivalisha ukumbini kwenye taa za manjano. Filta inakula karibu nusu ya mwanga, kwa hiyo rudi kwenye Hatua ya 1 upige hesabu upya.

Mwanachama, Majengo: Maalim, nimejaribu asilimia 10, wametulia. Lakini buibui zimekuwa nyeusi tupu, na shela jeupe linaungua.

Jibu: Kamera yako iko otomatiki, imeona giza la ukumbi ikafungua zaidi. Iweke manual, yaani uipange mwenyewe, washa ile mistari ya pundamilia (inayoonyesha panapoungua kwa mwanga) kwenye 95, shusha ISO mpaka mistari itoke kwenye shela. Buibui ziache ziwe nyeusi, ndiyo rangi yake.