Jinsi ya kuomba kibali cha ndege ya kizamani unayojijengea nyumbani, Mombasa

Kwanza jiulize, itaruka ama itakaa uani watu wapige picha? Manake kama ni ya kuangalia tu, KCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, hawana maneno na wewe. Banda lake ndio lina maneno, likiwa la kudumu lataka kibali cha ujenzi cha kaunti, na ukiwa pande za Changamwe karibu na eapoti, urefu wake uulizie KCAA kabla hujasimamisha nguzo.

Mimi nilichagua Blériot XI, ile Louis Blériot alivukia bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza tarehe 25 Julai 1909, sababu mabawa yake ncha hadi ncha ni kama mita 7.8 na uani kwetu Kisauni yaingia. Flyer, ile ndege ya ndugu wawili kina Wright, ni mita 12 na kitu, hapo ungevunja ukuta wa jirani.

Sasa kama itaruka, andikia KCAA barua kabla hujakata mbao hata moja. Tia ramani ya ndege, kopi ya kitambulisho, mahali unapojengea, na uwaulize mkaguzi atataka kuona hatua zipi. Hapa ndipo nilipochemsha, nilikuwa nishavika bawa la kushoto kitambaa na kulipiga rangi ya kukazia, mzee mmoja anayejua hizi kazi akaja akalitazama, "Kijana, sasa gundi ya ndani nitaiona na macho gani?" Nikachana lote.

Kwa hivyo weka daftari. Picha zenye tarehe, risiti za mbao, na kila ukichanganya gundi bandika vipande viwili vya mabaki ya mbao pembeni, ikikauka uvivunje: ikipasuka mbao uko sawa, ikiachia gundi rudia, na kwa huu unyevu wetu wa pwani usiruke hiyo hatua wallahi.

Injini iliyomvusha Blériot bahari ilikuwa Anzani ya silinda 3, nguvu za farasi 25. Ukiagiza yoyote ile nje, utahitaji PIN ya KRA, wale wa ushuru, na ajenti wa kukutolea mzigo bandarini Kilindini, na makaratasi usitupe, ndio ushahidi kuwa mali ni yako ukienda kuomba usajili, zile herufi za 5Y zinazoandikwa kwa ndege za Kenya. Usajili lakini si ruhusa ya kuruka, hiyo yaombwa kando, na leseni ya rubani pia ni kivyake.

Kuipeleka uwanjani ni rahisi, mabawa yatoka, kanta moja yatosha. Nendeni alfajiri tu, matatu za Kisauni hazina huruma.