Kutoka kibarua cha kufundisha hadi uongozi: njia ya kupandia katika vyuo vya jamii Marekani

Imebaki wiki moja muhula uanze, na mezani kwangu kuna darasa la takwimu lenye wanafunzi tisa. Chuo kinataka wasipungue kumi na watano. Nikilifuta, mwalimu wa muda aliyeandaa masomo yake mwezi mzima anapoteza sehemu kubwa ya kipato, na wale tisa wanaanza kuhangaika kutafuta nafasi kwingine. Nikiliacha, lazima nijue fedha za kulilipia zitatoka wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kufutiwa darasa siku ya Ijumaa, na kodi ya nyumba mwezi ule nikailipa kwa kukopa. Naanza na hili kwa sababu wengi wanaonipigia simu kuulizia "kazi ya ofisini pale chuoni" wanawaza kiyoyozi na tai.

Vyuo vya jamii ni vyuo vya miaka miwili, vingi vikiwa vya umma, ambavyo hupokea karibu kila anayebisha hodi: kijana anayetaka kuhamia chuo kikuu baadaye, mama anayejifunza Kiingereza, fundi anayetafuta cheti. Cha umma kikongwe kuliko vyote vilivyopo, Joliet, kilianza mwaka 1901 huko Illinois. Leo vipo zaidi ya elfu moja nchi nzima, na California peke yake ina 116. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumepitia huko, sisi au watoto wetu, lakini tumeviona kama kituo cha basi. Wachache wamefikiria kubaki na kuviendesha.

Ngazi ya upande wa taaluma huwa hivi: mwalimu wa muda, mwalimu wa kudumu, mratibu wa programu au mkuu wa idara, kisha "dean" na msaidizi wake, halafu makamu wa rais wa taaluma, na juu kabisa rais wa chuo. (Mama mkubwa aliponisikia kwenye simu nikisema nimekuwa "dini", aliuliza nimehamia kanisa gani. Tangu siku ile kwa watu wa nyumbani nasema mkuu wa kitengo.) Upande wa huduma za wanafunzi una ngazi yake, inayoanzia kwa washauri wa masomo, na huko mtu anaweza kupanda bila kufundisha.

Kabla ya yote, shughulikia vyeti. Shahada ya Dar es Salaam, Makerere au Nairobi inabidi itathminiwe na shirika linalotambuliwa na waajiri, kama WES. Usichukue tathmini ya jumla tu; chukua ile inayoorodhesha somo moja moja, kwa sababu kinachoangaliwa ni ulisoma nini hasa. Katika majimbo ya kusini, kwa mfano, mwongozo wa kawaida wa ithibati (utaratibu wa kuthibitisha ubora wa vyuo) kwa anayefundisha masomo ya kuhamia chuo kikuu ni shahada ya uzamili pamoja na angalau "saa" 18 za muhula (yaani krediti, kipimo cha uzito wa masomo) za ngazi hiyo, katika somo lenyewe. Mtu mwenye uzamili wa utawala anayetaka kufundisha uchumi hukwama hapo hapo. Transkripti nyingi, yaani orodha rasmi za masomo na alama zako, hutakiwa zitoke chuoni moja kwa moja, kwa hiyo tafuta ndugu aliye karibu na ofisi ya msajili, mwenye subira ya kurudi mara tatu.

Uongozi wenyewe hauhitaji udaktari mwanzoni. California, kiwango cha chini kwa kiongozi wa taaluma ni uzamili na mwaka mmoja wa mafunzo au uzoefu wa uongozi unaohusiana na kazi hiyo. Udaktari utauhitaji ukilenga umakamu au urais. Usikimbilie kukopa kwa ajili yake. Ajiriwa kwanza, kisha uliza kama chuo huchangia ada. Na kama tayari una mkopo wa serikali kuu, kazi ya muda kamili katika chuo cha umma huhesabika kwenye mpango unaofuta salio baada ya malipo 120.

Ualimu wa muda ni mlango wa kweli, ila usijenge maisha juu yake. Sheria ya California haimruhusu mwalimu wa muda kuzidi asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu katika wilaya moja ya vyuo, ndiyo maana utawaona watu wakikimbizana barabarani kati ya vyuo viwili au vitatu. Jiwekee muda. Katika muda huo, ingia kwenye kamati: ya mitaala, ya ithibati, ya mapitio ya programu. Hazina posho ya maana na chakula chake ni biskuti, lakini ndiko bajeti inakosomwa na ndiko watakaokusaili kesho wanakujua leo. Mimi nilijitolea kuandika sehemu ya ripoti ya ithibati ambayo hakuna aliyeitaka. Miezi minane ya mateso, na kila usaili baada ya hapo niliulizwa habari zake.

Usaili nao una desturi zake. Jopo la watu sita au saba, akiwemo pengine mwanafunzi, linauliza kila mwombaji maswali yale yale na kutoa alama kwa kilichosemwa tu. Hapo malezi yetu yanatuponza. Tumefundishwa kusema "tulifanya" hata pale mtu alipofanya peke yake, na kuamini kuwa wakubwa wamesoma barua yetu. Jopo haliwezi kukupa alama kwa staha. Sema wewe ulifanya nini, kwa fedha kiasi gani, na nini kilibadilika.

Ukishapata kazi, sahau ubosi wa kutoa agizo. Mitaala iko mikononi mwa seneti ya walimu, mzigo wa kazi umeandikwa kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi, na mwalimu wa kudumu anaweza kukukatalia mbele ya watu kisha mkanywa kahawa pamoja. Mwaka wa kwanza niliona ni dharau. Kumbe ndivyo kazi inavyokwenda. Jambo moja la kuuliza kabla ya kusaini: ukiondolewa kwenye uongozi, una haki ya kurudi darasani? Jibu liwe kwa maandishi.

Kwa mwenye visa, vyuo vya umma havibanwi na ukomo wa kila mwaka wa idadi ya H-1B, visa ya kazi kwa wataalamu, lakini chuo hakilazimiki kukudhamini. Uliza mapema, na usitegemee udhamini kwa kazi ya muda.

Mwaka wa fedha wa majimbo mengi, California ikiwemo, huanza Julai 1, hivyo nafasi nyingi za uongozi hutangazwa kuanzia majira ya baridi hadi machipuko. Transkripti ya kutoka nyumbani iagize sasa hivi.