Ukiona unga, zima mashine: kunoa cheni ya chensoo huko huko shambani

Ukitaka kujua kama cheni bado ina makali, tazama kinachodondokea gumbuti zako. Cheni kali hutema maranda, vipande unavyoweza kuviokota kimoja kimoja. Cheni butu hutoa unga, laini kama sembe. Ukiona unga na unakata gogo lililolala, zima mashine hapo hapo. Kama ni mti uliosimama na umeshaanza kuukata, uangushe kwanza, maana mti ulioachwa nusu ni mtego kwa kila anayepita chini yake. Kisha kaa chini, utoe tupa.

Mashine ya kwanza niliyokabidhiwa huku Mufindi niliiua mwenyewe. Tulikuwa tunakata vipande misindano iliyoangushwa kwenye mteremko, lori la dingdongi, kiwanda kidogo cha kupasua mbao, limeshafika, dereva anapiga honi. Ncha ikagusa udongo mara moja tu. Kuanzia hapo nikawa naikandamiza mashine kwa uzito wa mwili mzima, nayo haiingii. Mwenzangu akasema injini haina nguvu, akachukua bisibisi akakaza skrubu ya kabureta, ile inayopunguza petroli, ili izunguke kwa kasi zaidi. Kweli ililia kwa sauti kali. Alasiri ikazima, na kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Fundi alipofungua silinda, pistoni ilikuwa imechanika mistari upande mzima.

Injini haikuwa na kosa lolote. Kwenye chensoo oili ya kulainisha pistoni huingia pamoja na petroli, kwa hiyo ukipunguza petroli umepunguza na oili, huku joto linapanda. Ubutu wa cheni ndio uliotufikisha kwenye ile skrubu. Ndiyo maana kijana yeyote anayekuja kujifunza kwangu namfundisha tupa kabla ya kumfundisha kuwasha.

Tafuta kisiki cha kimo cha kiuno, ukikate mfereji mwembamba kwa ncha ya mashine nyingine au kwa panga, uchomeke bapa, ule ulimi wa chuma unaobeba cheni, humo, ukaze kwa kabari ya mti. Mashine ikicheza, tupa nayo itacheza. Funga breki ya cheni wakati wa kunoa, uifungue pale tu unaposogeza meno. Vaa glavu hata kama injini imezimwa.

Tupa ni ya duara, na unene wake unafuata cheni. Cheni ya inchi 3/8, ambayo ndiyo iko kwenye mashine nyingi kubwa, huchukua milimita 5.2 au 5.5 kutegemea aliyeitengeneza, ile ya inchi .325 huchukua 4.8. Soma pakiti, usikisie. Tupa nyembamba kupita kiasi huchimba chini ya jino na kuacha ukingo mwembamba unaovunjika upesi. Tupa nene hupanda juu, na jino likawa halishiki mti.

Sasa sogeza uso karibu na jino moja. Geuza kichwa mpaka mwanga wa jua upige kwenye ukingo wake. Ukiona mstari mweupe unang'aa, huo ndio ubutu. Ukingo mkali hauna kitu cha kung'aa. Tafuta jino lililoumia kuliko yote, mara nyingi kwenye kona ya nje lilipogonga mchanga, uanze na hilo, kwa sababu meno mengine yote yatakatwa yafikie urefu wake.

Laza tupa usawa, nyuzi 30 kutoka mstari unaokatiza bapa kwa pembe mraba. Cheni nyingi zina mstari mdogo uliochorwa mgongoni mwa jino. Tupa iende sambamba nao. Sehemu moja ya tano ya unene wa tupa ibaki juu ya jino. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, kisha inyanyue kabisa uirudishe hewani. Ukiiburuta kurudi nyuma unaiua tupa na hulinoi jino. Misukumo mitatu ya nguvu iliyotulia inatosha kwa cheni iliyochoka tu. Iliyogonga jiwe inaweza kutaka kumi. Hesabu, na kila jino linalotazama upande huo lipate idadi ile ile. Zungusha tupa kidogo kila baada ya meno machache ili isilike upande mmoja.

Upande wa pili ndio unaowashinda wengi, kwa sababu mkono umegeuka na nguvu zimepungua. Hamia ng'ambo ya kisiki, usinoe kwa kujipinda. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi kuliko ya mwingine, mashine itakata kwa kupinda.

Mbele ya kila jino kuna kinundu. Hicho ndicho kinachoamua jino lichimbe kiasi gani. Jino likilika kwa tupa linashuka, kinundu kinabaki juu, na cheni inateleza juu ya mti ingawa ni kali. Kila baada ya kunoa mara tatu au nne, weka kipimo chake juu ya cheni na upunguze kilichochomoza kwa tupa bapa, kinundu kibaki chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi kwa cheni ya 3/8. Usipunguze kwa macho. Kinundu kikishuka mno, jino hung'ata kipande kikubwa na mashine inakurukia. Mkono wangu wa kushoto una kovu la jambo hilo.

Kabla ya kuwasha, futa utomvu kwenye mfereji wa bapa na kitundu cha oili, ukaze cheni mpaka ikumbatie bapa kwa chini lakini bado ivutike kwa vidole. Oili ya cheni ijazwe kila unapojaza petroli. Oili chafu ya gari sikushauri: imejaa chembe za chuma zinazosaga bapa, na inarukia ngozi yako siku nzima. Ya kuchanganya na petroli iwe oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, kwa mashine nyingi za sasa mililita 100 kwa lita 5. Pima kwa kichupa, tikisa dumu kila unapomimina.

Washa, elekeza ncha juu ya kisiki cheupe bila kukigusa, vuta resi. Mstari mwembamba wa oili ukijichora juu ya kisiki, iko sawa. Kisha kata kipande kimoja cha majaribio kwa uzito wa mashine yenyewe, bila kuikandamiza, halafu tazama tena gumbuti zako.