Namna ya kuchora mnyororo wa manung'uniko hadi vita: mfano wa Majimaji

Juzi mdogo wangu wa kidato cha sita aliniletea insha yake: "Kodi, viboko na pamba vilisababisha Vita vya Majimaji." Si uongo, ila haielezi kwa nini watu wa mbali na wasiojuana waliinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani mwaka uleule, 1905. Tukaketi tukachora visanduku vya manung'uniko na mishale inayoelekea vitani.

1. Tandika karatasi ya manila, shika penseli. Kompyuta iweke kando, maana mishale utaifuta sana.

2. Orodhesha manung'uniko: kodi ya nyumba, viboko vya maakida (mawakala wa Wajerumani), kazi za shuruti, pamba.

3. Chini ya kila nung'uniko andika lilimuuma nani, na wapi. Usiharakishe hapa. Mimi iliwahi kunila jioni nzima kwa sababu nilivuta mshale wa pamba mpaka Songea, kwa Wangoni, kisha kila kitu kikagoma kukaa sawa. Mashamba ya pamba ya kijiji, yaliyoanzishwa 1902, yaliwaelemea watu wa pwani ya kusini. Mtu alipalilia pamba ya jumbe, mkuu wa kijiji, huku mtama wake ukimezwa na magugu, na malipo yalikuwa haba hata wengine wakayakataa. Ndiyo maana Julai 1905 Wamatumbi walianza kwa kung'oa miche ya pamba, pale Nandete. Wangoni kidonda chao kilikuwa kingine: tangu Wajerumani waweke boma Songea 1897, watawala wao walikuwa wamepokonywa nguvu. Kwa hiyo kila eneo lipe kisanduku chake. Ukiandika "Waafrika walichukia pamba" umeshapotea.

4. Sasa chora kinachounganisha visanduku: maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Yachore kama njia, usiyachore kama mtu. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa iliendelea kusafiri mikononi mwa wajumbe walioitwa hongo, na Wangoni wakaingia vitani Septemba.

5. Upime mchoro wako kwa Wahehe. Waliumia kuliko wengi: waliwashinda Wajerumani Lugalo 1891, wakapigana hadi mtawala wao Mkwawa alipojiua 1898. Mwaka 1905 hawakujiunga. Kama mishale yako inasema aliyeumia zaidi ndiye huinuka, rudi hatua ya 3. Kisanduku cha Uhehe kichore, kiache bila mshale.