Kupanda Kilimanjaro na kipimajoto: namna ya kuona tabianchi inavyogawa makazi ya viumbe

Ikolojia huanza na swali moja: kwa nini kiumbe hiki kipo hapa na pale hakipo? Barabara ya kutoka Himo kwenda lango la Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, inafaa sana kwa kulijibu. Ndani ya kilomita zisizozidi ishirini na kitu unapanda kutoka nyika ya migunga, chini ya mita 1,000, hadi ukingo wa msitu wa mlimani karibu na mita 1,900. Majibu mengi utayapata kwa kupima mambo mawili kabla ya kutazama mimea: joto na maji.

Kwanza tenganisha hali ya hewa na tabianchi. Utakachopima kwa wiki mbili ni hali ya hewa. Tabianchi ni wastani wa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30, na takwimu zake huombwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Vipimo vyako ni vya kulinganisha kituo na kituo, basi. Ukivitumia kusema "Marangu hupata mvua kiasi hiki kwa mwaka" umepotea.

Weka vituo vinne au vitano, kimoja kila mita 200 hadi 250 za mwinuko. Simu hupima mwinuko vibaya ukiwa umeiwasha sasa hivi. Iache mahali pa wazi dakika tano, kisha soma mara tatu uchukue wastani. Epuka kando ya mito, kwa sababu maji ya mto huiwezesha miti ya msituni kuota hadi kwenye ukanda mkavu. Epuka pia chini kabisa ya bonde. Usiku hewa baridi ni nzito, hutiririka ikajaa mabondeni, na alfajiri kipimajoto cha bondeni kinaweza kuonyesha baridi kuliko cha mgongo ulio juu yake.

Tundika kipimajoto kivulini, mita 1.5 kutoka ardhini, hewa ipite pande zote. Kikipigwa na jua hupimi tena joto la hewa, unapima joto la kioo chenyewe. Vituo vyote visomwe saa ileile. Saa tatu asubuhi inatosha. Tarajia joto kushuka kama nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100, yaani kama Himo ni 24, mita 1,000 juu yake iwe karibu 18. Hewa ikiwa kavu, joto hushuka kwa kasi zaidi, hadi karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ukiona pengo kubwa kuliko hilo, kagua kivuli cha kipimajoto kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Kipimamvua tengeneza kwa chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze kichwa chini ndani ya chupa iwe faneli, na dondoshea mafuta ya kula kidogo ndani ili maji yasikauke kabla hujafika. Mdomo uwe sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, matone yanayoruka kutoka chini yasiingie, na umbali hadi mti au nyumba iliyo karibu uwe angalau mara mbili ya kimo chake. Pima maji kwa bomba la sindano. Gawanya mililita kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, kisha zidisha kwa 10. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 9 una eneo la 63.6, hivyo mililita 100 ni milimita 15.7 za mvua.

Utaona mvua ikiongezeka unavyopanda. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga mlima, huinuka, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Lakini nyongeza hiyo ina kikomo: upande wa kusini mvua hufikia kilele karibu na mita 2,200, halafu hupungua hadi ukame wa kileleni. Ukungu wa msituni hauingii vizuri kwenye chupa yako. Ushahidi wake ni kuvumwani (kuvu na mwani walioungana) zinazoning'inia matawini kama ndevu; ziandike.

Sasa mimea. Kila kituo pima viunzi vitatu, yaani maeneo ya mraba ya kuhesabia mimea, vya mita 20 kwa 20. Kimoja kinaweza kukudanganya. Hesabu miti yenye mzingo wa sentimita 31 au zaidi kwenye kimo cha mita 1.3, kwa futi ya fundi cherehani. Kwenye vihamba, mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba, omba ruhusa ya mwenye shamba, na uliza kama kuna mfongo (mfereji wa kumwagilia) unaopita. Mgomba unaostawi kwenye ukanda mkavu kwa maji ya mfongo haukuambii lolote kuhusu mvua ya pale.

Kahawa itakufundisha mengi zaidi. Kila kituo chukua miti 10, na kwenye kila mti matawi manne. Geuza majani uhesabu yenye unga wa rangi ya chungwa upande wa chini: hiyo ni kutu ya majani, na hupenda joto la mashamba ya chini. Kisha hesabu buni mbichi zenye madoa meusi yaliyobonyea. Hiyo ni chulebuni, inayotesa zaidi juu, kwenye ubaridi na unyevu unaokaa muda mrefu. Chora grafu ya magonjwa haya mawili kwa mwinuko; mistari yake miwili ikikataa kupishana, uliza aina ya kahawa na dawa iliyopigwa. Aina zilizoboreshwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania iliyoko Lyamungo, huvumilia magonjwa yote mawili, na shamba lililopigwa dawa ya kopa (shaba) haliwezi kulinganishwa na lisilopigwa.

Juu ya lango ni hifadhi ya taifa. Utafiti unahitaji kibali, na usichume hata jani. Macho yanatosha. Karibu na kambi ya Horombo, mita 3,720, ambako baridi ya usiku hugandisha maji, tazama lobelia ya Kilimanjaro: kitovu cha majani yake hushika maji, juu hufanya barafu, chini hubaki kimiminika na kichipukizi kinasalimika.

Ili kujua joto na maji vinachangia nini kila kimoja, weka kituo upande wa kaskazini kwenye mwinuko uleule wa kituo chako cha juu. Joto litakaribiana, ila mlima umekinga mvua. Badala ya miti ya mikulo ya kusini utakuta mitarakwa na mizeituni mwitu. Viunzi vikae kwenye msitu wa asili: upande huo wa kaskazini, huko Rongai, kuna mashamba makubwa ya misindano ya kupandwa, na hiyo ukiihesabu tofauti ya mvua itapotea kwenye jedwali lako.